Acheni kumtahini mama

Mgeni akifika kwetu Tanga, hata viatu hajavua, swali lake lilikuwa moja: "Bi mkubwa, unanijua mimi ni nani?" Mama alikuwa hodari wa kujibu. Anacheka kidogo, anamshika mgeni mkono, anasema, "Mbona nisikujue? Wewe si wa kwetu!" Mgeni anaridhika, baraza zima linacheka, chai inaletwa. Mgeni akishaondoka, mama ananivuta upindo wa kanga. "Yule nani? Alikuwa anataka nini kwangu?" Basi mchana mzima hatulii. Anakaa, anainuka, anakwenda mlangoni, anarudi. Chakula hagusi. Mgeni mwenyewe mama keshamsahau, lakini fadhaa imebaki pale pale.

Nilikaa karibu miaka miwili ndipo nikaelewa kwamba lile swali la mapenzi ndilo lililokuwa likimuumiza.

Ugonjwa wenyewe hatujaupatia jina moja. Hospitali wanasema demensia, wengine husema shida ya akili, na mitaani tunasema mzee amerudi utotoni, au tunafupisha tu: uzee huo. Mimi nauita ugonjwa wa kusahau, ingawa kusahau ni sehemu yake tu. Hilo jina la uzee ndilo lililotuchelewesha zaidi kwetu. Mtu akiambiwa ni uzee, haendi popote, anasubiri.

Lakini mgonjwa wa kwanza wa Alzheimer, aina yake kuu, kuelezwa kitaalamu hakuwa mzee. Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mwanamke aitwaye Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51. Daktari alikaa naye akimuuliza na kuandika. Jina lako nani? Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Jina la mumeo? Auguste, nadhani. Saa ya chakula cha mchana, akiwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, aliulizwa anakula nini, akajibu spinachi. Alifariki mwaka 1906, na Alzheimer akautazama ubongo wake kwa hadubini. Aliona ubongo umesinyaa, na ndani yake aina mbili za uchafu: mabonge yaliyojazana kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua mabonge yale ni protini ya amiloidi na nyuzi zile ni protini ya tau. Mwaka 1910 bingwa mwenzake, Emil Kraepelin, akauweka ugonjwa huo kitabuni kwa jina la Alzheimer, na kati ya wagonjwa wote wa demensia duniani, 60 hadi 70 katika kila 100 wana huo.

Kila nikiyakumbuka mahojiano yale huwa nawaza: yule daktari alikuwa na haki ya kutahini, maana alikuwa anatafuta ugonjwa. Sisi nyumbani, tukiwa tunaujua tayari, tunatafuta nini?

Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna vijisehemu viwili, kimoja kila upande, viitwavyo hipokampasi. Kazi yao ni kama ya karani wa masjala. Kila jambo la leo linapita mezani kwake, analifungulia jalada, analipeleka kabatini. Katika ugonjwa wa Alzheimer, huyu karani ni miongoni mwa wa kwanza kuugua. Majalada ya zamani, ya harusi, ya mwaka wa uhuru, ya shamba la minazi la baba yake, bado yako kabatini kwa muda mrefu. Ya leo asubuhi hayakufunguliwa kabisa. Kwa hiyo mama anapouliza kwa mara ya tisa kama nimeshakula, si kwamba jibu langu limempotea, halikupata kuandikwa. Kumwambia "nimeshakujibu mara nane" ni kumgombeza mtu kwa barua ambayo posta haikumfikishia. Mara ya tisa kwangu ni mara ya kwanza kwake, na uso wangu uliokunjamana anauona bila kujua kosa lake ni lipi.

Na huo uso ndio unaobaki. Hisia hazipiti kwa karani yule peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya dakika chache wagonjwa walikuwa hawakumbuki filamu, wengine hata kwamba waliona filamu, lakini huzuni au furaha yao iliendelea. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama anavyotoka mlangoni na kurudi. Mtihani ulikuwa umesahaulika. Aibu ya kuufeli ilikuwa bado haijamtoka.

Kuna jambo ambalo nadhani linatupata zaidi sisi tunaosema Kiswahili. Salamu zetu ni ndefu, na majibu yake tumeyameza tangu utotoni. Shikamoo, marahaba. Hujambo, sijambo. Habari za huko, njema, watoto, hawajambo, alhamdulillahi. Maneno ya namna hiyo hayatungwi, yanatoka yenyewe kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani gizani, na hubaki hata baada ya mengine mengi kuondoka. Matokeo yake mgonjwa anaweza kusalimiana vizuri kwa dakika tano nzima bila kujua anasalimiana na nani. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mama anaitika marahaba kwa sauti ya kujaa, anauliza watoto, anaomba dua, simu inakatwa. Halafu mdogo wangu ananiandikia mimi: "Mbona mama mzima? Wewe unatia chumvi."

Usiku huo mama alikuwa ameniamsha mara nne. Nilikasirika, na nikafanya jambo ambalo mpaka leo silipendi. Jumapili iliyofuata niliiweka simu kwenye spika, nikaanza kumuuliza mama ili ndugu yangu asikie. Mama, leo siku gani? Mama, una watoto wangapi? Mama, baba yuko wapi? Kwenye swali la tatu akatutazama mimi na ile simu. "Kwani hayupo msikitini?" Nikamwambia baba alifariki, miaka kumi na moja sasa. Alilia kama mtu aliyepokea msiba saa ile ile, kwa sababu kwake ulikuwa wa saa ile ile. Mdogo wangu aliamini. Mama hakulala.

Tangu siku hiyo sijampa tena tanzia ya mtu aliyekufa zamani. Watu wa dini waliniuliza, na walikuwa na haki kuuliza: huko si kumdanganya? Nimelipima sana jambo hili. Siku zote saa za jioni, jua likielekea kuzama, mama anavaa ushungi na kusema anataka kwenda kwao Pangani, mama yake anamngoja. Hali hii ya kuchafukwa jioni ni ya kawaida kwa wagonjwa hawa. Uchovu wa siku, mwanga hafifu na vivuli vya ukutani huchangia. Sasa, nikimwambia "mama yako alishakufa" nimesema kweli na nimemuua mama yake upya. Nikisema "yuko njiani anakuja" nimesema uongo, tena uongo wenye deni, maana atakaa mlangoni kungoja. Ninachofanya ni kuuliza. Mama yako alikuwa anapika nini jioni? Nyumba ilikuwa karibu na mto? Nani alikuwa anawavusha kwa pantoni? Hapo anakaa, anasimulia, ushungi unateremka mabegani. Anayesema nataka kwetu mara nyingi anatafuta usalama kuliko mahali. Wapo wanaoomba kurudi kwao wakiwa ndani ya nyumba waliyoijenga wenyewe. Msikilize kwanza kama ana njaa, kama ana haja ndogo, kama kuna redio inayopiga kelele. Akiniuliza ana kwa ana, kwa utulivu, "Mama yangu yu hai?" namwambia alishatangulia, nakaa naye. Hilo limetokea mara moja tu.

Kuoga kulitushinda kwa miezi. Mtu mstaarabu aliyejistiri maisha yake yote, ghafla mtu asiyemtambua vizuri anamvua nguo na kummwagia maji ya baridi kichwani. Angefanya nini zaidi ya kupiga kelele na kukwaruza? Niliona ni ukaidi. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliyewahi kumuuguza mkwewe, ndiye aliyenionyesha. Alimkalisha mama kwenye kigoda, akamwachia kanga mwilini, akachota maji ya vuguvugu kwa kata na kuanza miguuni. "Bi mkubwa, maji haya, nayamwaga mguuni. Yana moto?" Akamngoja ajibu. Akampa kitambaa cha sabuni mkononi ajisugue mwenyewe kifua, yeye akapitisha mkono chini ya kanga iliyolowa kwa mgongoni. Kanga kavu ilikuwa imeshawekwa begani kabla ile ya maji haijatolewa. Kichwa hakuosha siku hiyo. Alisema kichwa kina siku yake. Ilichukua nusu saa, na hakukuwa na ugomvi. Kwa nyumba ambazo mlezi ni mtoto wa kiume, na mama hataki kabisa kuogeshwa naye, msilazimishe: tafuteni mwanamke wa ukoo hata mara mbili kwa wiki, siku nyingine kitambaa cha maji kinatosha. Hakuna aliyekufa kwa kutokoga Jumanne.

Kabla ya yote hayo, lakini, mfikisheni hospitali, maana si kila kusahau ni ugonjwa huu. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka wiki kadhaa nyuma, kaswende au Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, vyote vinaweza kuchafua kumbukumbu, na baadhi vinatibika kabisa. Dawa pia. Vidonge vya mafua vya kusinzia, vile vya klofeniramini tunavyonunua dukani kama pipi, vinaweza kumvuruga mzee. Na sikio lisilosikia hufanana sana na akili isiyoelewa.

Jambo moja nalikazia: ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na afadhali juzi, leo anaweweseka, hajui alipo, au amelegea na kulala mchana kutwa, huyo ana jambo jingine la haraka. Inaweza kuwa malaria, UTI, nimonia, kukaukiwa maji, hata choo kilichofunga siku sita. Usiseme "ugonjwa wake umepanda". Mpeleke siku hiyo hiyo.

Zipo aina nyingine za demensia pia, mbali na Alzheimer. Ile inayotokana na mishipa ya damu, ambayo shinikizo la juu na kiharusi huiharibu, mara nyingi hushuka kwa vidato: anakaa hivyo hivyo, halafu ghafla anashuka daraja. Nyingine, iitwayo ya miili ya Lewy, humfanya mtu aone watoto au wanyama chumbani ambao wengine hatuwaoni, na kwetu hapo shehe au mganga huitwa mapema kuliko daktari. Wagonjwa wa aina hii wanaweza kudhurika vibaya na dawa kali za kutuliza akili, kwa hiyo daktari aambiwe wazi kwamba anaona vitu. Dawa kama donepezili huwapa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer nafuu ya kiasi kwa muda, haziponyi. Dawa mpya za sindano zinazosafisha amiloidi zimeanza kutumika Marekani na kwingineko, lakini ni za walio hatua za mwanzo, zinadai vipimo vya gharama, na zinahitaji kufuatilia ubongo usivuje damu. Sijengi matumaini yangu hapo.

Wagonjwa wa demensia wako wengi kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 walikuwa milioni 57, na zaidi ya asilimia 60 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Hapa Tanzania, utafiti uliofanywa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia. Kijiji chenye wazee mia, sita hivi. Wako wapi? Ndani, wamefichwa. Na wengine wameonekana vibaya: bikizee anayepotea njia usiku, akakutwa uani kwa watu, nguo hajajistiri, hajui kueleza amefikaje. Usukumani, na Kilifi huko Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi kulikuwa na ugomvi wa shamba au macho mekundu ya moshi wa jikoni. Sina namna ya kujua wangapi kati yao walikuwa wagonjwa wa kusahau. Ninajua tu kwamba mama yangu alikutwa saa tisa usiku ameshika komeo la mlango wa jirani, akisukuma, akidhani ni kwake. Mtaa mwingine ungeweza kusema neno jingine.

Ndiyo maana sikuficha. Niliwaambia mwenye duka, mama ntilie, na vijana wa bodaboda pale kijiweni: mama yangu ana ugonjwa wa ubongo, akipita peke yake msimfokee, msimuulize anakwenda wapi. Msalimieni shikamoo, mwambieni "bi mkubwa twende nikusindikize", mnipigie. Namba yangu nilimshonea kwenye pindo la gauni. Mara tatu amerudishwa kwa bodaboda, mara zote akiwa amekaa upande kama malkia, na mara zote kijana amekataa nauli.

Kuhusu mlezi nitasema kidogo, kwa sababu nikianza sitamaliza. Kazi hii katika ukoo hupewa binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika, au ambaye "hana kazi", na wengine hutuma hela na ushauri. Hela ni muhimu, sikatai. Pampasi za watu wazima zina bei. Ila hela haiamki saa nane usiku. Niliwaandikia ndugu zangu karatasi ya zamu, si ombi: kila mmoja wiki mbili kwa mwaka, aje alale chumbani kwa mama, mimi niondoke nyumbani. Wa kwanza kuja aliishia siku nne akaomba radhi kwa yote aliyowahi kuniambia. Nimewahi kumpigia mama kelele. Nimewahi kujifungia chooni nikiwa namsikia anagonga. Mlezi asiyelala atafika huko, hata awe na moyo gani.

Mikono ya mama bado inakumbuka. Kusuka ukili wa mikeka alijifunza akiwa msichana wa miaka saba au nane, na ujuzi wa namna hiyo una makabati yake mbali na ya yule karani. Kila asubuhi namwekea miyaa ya kusukia pembeni. Siku nyingine nampa ungo wa mchele achambue, na nakiri kwamba mchele ukiisha mapema huwa naurudisha ule ule.

Mwezi uliopita dada yetu mkubwa alikuja kutoka Muscat, Oman, miaka sita hajaonana na mama. Njia nzima kutoka stendi nilikuwa namuomba jambo moja: usimuulize. Aliingia, akavua viatu, akapiga goti. "Shikamoo mama. Mimi Mwanaidi, mwanao wa kwanza, nimetoka Muscat." "Marahaba," mama akasema, akamtazama kwa adabu ile anayowapa wageni wote. Dada macho yalijaa maji, lakini hakusema kitu. Akakaa mkekani, akachukua miyaa, akaanza kusuka. Kimya kikapita, cha robo saa hivi. Mama alikuwa anatupia jicho ile kazi. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Huyu kafundishwa na nani?" akaniuliza mimi, akamnyang'anya dada ule ukili, akaufumua wote, akaanza upya.